Sura ya Nne: Subira Tunayompa Bosi

Njia ya Msalaba ina vituo 14. Ijumaa ile ya Kwaresima nilivipita vyote kwa magoti, na machozi kidogo, katika parokia moja ya katikati ya mji. Nikaja kuanguka kwenye kituo cha 15. Kituo hicho kinaitwa Banana.

Asiyeijua Dar es Salaam nimweleze. Daladala za Gongo la Mboto hushika Barabara ya Nyerere, zikavuka Tazara, zikaupita uwanja wa ndege, zikafika Banana, kisha Ukonga, ndipo mwisho wa safari. Jioni foleni ikikaza, dereva hutazama mbele, akaona taa nyekundu za breki hadi macho yanapokomea, akapiga hesabu zake, akageuza gari. Huko ndiko kukatisha ruti. Ni kosa, na dereva anajua kuwa ni kosa. "Mwisho hapa, mwisho hapa, tushuke jamani!" Umesimama saa moja na nusu kwa mguu mmoja, kwapa la mtu liko usoni mwako, mfuko wa nyanya unakukata vidole, halafu unashushwa njiani ukatafute gari lingine kwa nauli nyingine.

Nilikuwa namdai konda chenji, shilingi 400. Noti nilimpa tangu Tazara. Nilipomkumbusha mlangoni akasema, "Subiri kidogo mama, nashusha watu." Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, shati limelowa jasho mgongoni. Niliyomwambia siwezi kuyaandika yote. Yanayofaa kuchapishwa ni kwamba nilimwita mwizi, nikauliza kwao walimfundisha nini, nikamgusa na mama yake, mwanamke nisiyemjua na ambaye hakuwa amenikosea kitu. Sauti yangu niliisikia kama inatoka kwa mtu mwingine. Kijana hakujibu. Alihesabu sarafu nne za mia mia, akaniwekea kiganjani, akageuka kuwashusha wengine.

Hapo ndipo nilipoisikia nyuma yangu sauti laini ya msichana: "Tumsifu Yesu Kristo, mama mwenyekiti."

Ni mwimbaji wa kwaya yetu. Mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya yao. Ningepaswa kuitikia "Milele amina" kama ninavyoitikia kila siku, lakini nilitikisa kichwa tu, nikaanza kutembea kuelekea Ukonga na nyanya zangu. Gari nililiona, likanipita. Sikutaka kupanda kitu chochote chenye mlango na konda.

*

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kutafuta fedha ilikopotelea, na ugonjwa wa kazi hii ni kwamba huwezi kuuacha ofisini. Njia nzima nilikuwa naifunga siku yangu kama mtu anayefunga mahesabu ya mwezi. Kwamba nilikasirika, hilo halikunishangaza. Nilishangazwa na ingizo moja la asubuhi.

Asubuhi ile bosi wangu alikuwa ameniita saa tatu kamili na makabrasha ya robo mwaka. Nilifika saa tatu kasoro dakika tano. Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango wake. Saa nne ikapita. Nilimsikia ndani akicheka na mtu kwenye simu, habari za mpira. Saa tano na nusu akafungua mlango, akanitazama kama mtu aliyekuta mwavuli aliousahau, akasema, "Ooh, ulikuwa hapa? Tufanye Jumatatu." Nami nikatabasamu. Nikasema, "Hamna shida, bosi." Na si kwamba nilijilazimisha sana. Tabasamu lilikuja lenyewe, limezoea njia.

Saa mbili na nusu nilimpa yule mwanamume bila kunung'unika. Konda aliomba dakika moja, nikamnyima.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiungama kwamba sina subira. Mapadri mbalimbali wamenipa malipizi kwa dhambi hiyo, na mmoja alinishauri nimwombe Mungu anipe subira. Jioni ile, karibu na Mombasa ya Ukonga, niligundua kuwa nilikuwa nikiungama uongo. Subira ninayo. Ninayo tele. Naigawa kwa upendeleo.

*

Kabla sijaendelea, nijifunike kwa kivuli cha mkubwa. Karibu mwaka 200, Mkristo mmoja wa Kartago, mji ambao magofu yake yako kando ya Tunis, nchini Tunisia, aliandika kitabu kizima kuhusu subira. Jina lake Tertuliani. Anaanza kwa kukiri kwamba ni ujasiri, pengine hata utovu wa haya, kwa mtu kama yeye kuandika juu ya fadhila asiyo nayo. Amekuwa kama mgonjwa anayesifu afya kwa sababu anaikosa. Waliosoma maandishi yake mengine wanajua hakuwa anajinyenyekeza kwa adabu tu. Alikuwa na kalamu kali kama pilipili. Nampenda kwa hilo. Mwafrika mwenzangu huyu ananipa ruhusa ya kuendelea na sura hii.

Lugha nazo zina ushuhuda wake. Kiswahili kilichukua neno subira kutoka Kiarabu, na kwa herufi zile zile za mzizi Waarabu huuita mshubiri, mmea ule wenye utomvu mchungu ambao mama zetu walijipaka kwenye ziwa wanapomwachisha mtoto. Aliyeonja shubiri hahitaji kuelezwa udugu wa maneno hayo. Waebrania walikwenda njia nyingine. Kwao neno moja hutaja pua na hasira pia, labda kwa sababu mwenye hasira hufura pua na kupumua kwa nguvu, na mtu asiyekasirika haraka wanamwita mrefu wa pua. Sisi tunasema fulani ana hasira za karibu. Basi Mungu wa Agano la Kale hasira zake ni za mbali, zina safari ndefu kabla hazijafika.

Nataka tulishike hilo neno "karibu", kwa sababu swali langu ni hili: hasira zangu ziko karibu na nani?

Nilitafuta jibu kwa njia ninayoijua. Wiki iliyofuata nilichukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika waliopata subira yangu siku hiyo, kulia walionyimwa. Kushoto wakaingia bosi, mwenye nyumba, daktari aliyechelewa, paroko aliyehubiri dakika hamsini, trafiki aliyetusimamisha jua kali. Kulia wakaingia konda, muuza vocha, mlinzi wa geti la ofisini, mwanangu wa mwisho, kijana wa bodaboda, na dada wa kazi mara tatu. Siku ya nne nililifunga daftari, maana picha ilishakamilika. Hakuna hata mmoja wa upande wa kulia aliyekuwa na uwezo wa kunidhuru.

Yakobo, katika waraka wake, anawakemea Wakristo wanaomkalisha pazuri mtu mwenye pete ya dhahabu akiingia kanisani, huku fukara wakimwambia asimame kule. Nimesikia mahubiri mengi juu ya sehemu hiyo, na siku zote yanahusu viti. Ila mtu anaweza kumpa fukara kiti cha mbele kabisa na bado akamnyima dakika moja ya kutafuta chenji.

*

Katika Marko sura ya 5 kuna mtu aliyekwama kwenye foleni. Hatumwiti hivyo, lakini ndivyo alivyokuwa.

Yairo alikuwa mmoja wa wakuu wa sinagogi. Mtu wa pete ya dhahabu, tungesema. Binti yake yuko mahututi. Anamwangukia Yesu miguuni mbele ya watu, jambo ambalo si dogo kwa mtu wa cheo chake, na Yesu anakubali kwenda. Wanaondoka. Sasa mkutano wa watu unawasonga pande zote, njia haipitiki, na katikati ya msongamano huo Yesu anasimama. Anasimama kabisa. Anataka kujua ni nani aliyemgusa.

Jiweke kwenye viatu vya yule baba. Umempata daktari, amekubali, mko njiani, mtoto anakata roho, na daktari anashuka kwenye gari kuuliza nani amemgusa shati. Wanafunzi wenyewe waliona ni swali la ajabu katika umati ule. Yesu hakuwasikiliza. Akaendelea kutazama huku na huku mpaka mwanamke mmoja akajitokeza akitetemeka. Alikuwa ametokwa na damu miaka 12, amemaliza mali yake yote kwa waganga, na hali ilizidi kuwa mbaya. Marko anasema alimweleza Yesu kweli yote. Mimi nimekaa kwenye benchi za kliniki na wanawake wa namna hiyo. Kweli yote ya miaka 12 haielezwi kwa dakika mbili. Inaanza na mganga wa kwanza, inapita kwa shemeji aliyeahidi kusaidia akatoweka, inarudi nyuma kidogo, inaingia machozi, inaendelea. Yesu alisikiliza. Na mkuu wa sinagogi akasubiri, pembeni, kama nilivyosubiri mimi kwenye benchi ya bosi.

Hapo ndipo watu wakaja kutoka nyumbani kwake na habari kwamba mtoto amefariki, asimsumbue tena mwalimu.

Tunajua mwisho wake. Msichana alifufuka, naye alikuwa na miaka 12. Mwanamke yule alianza kuugua mwaka ambao mtoto huyu alizaliwa. Lakini kwa muda mrefu nilikuwa nakimbilia mwisho, nikaruka jambo lililoko katikati, ambalo sasa naliona kubwa kuliko yote: Yesu alimpa mwanamke asiye na cheo, asiye na fedha, aliyehesabiwa najisi, subira ambayo dunia nzima ingempa Yairo. Alimsubirisha mkubwa kwa ajili ya mdogo. Mimi ningemwambia yule mama, "Subiri kidogo mama, huoni niko na mheshimiwa?"

Na Yairo je? Tangu alipoomba mwanzoni, Marko hakumwandikia hata neno moja. Sijui kama alinyamaza kwa imani au kwa kuishiwa maneno. Wahubiri humsifia imani. Mimi ni mzazi, nadhani alikuwa anatetemeka kuliko yule mwanamke. Na Yesu hakumkemea kwa kutetemeka. Alimwambia tu asiogope, akatembea naye mpaka nyumbani. Kuna subira ya namna hiyo pia, isiyo na utulivu wowote usoni, ambayo yote iliyo nayo ni kwamba haijaondoka barabarani.

*

Nimesema dada wa kazi aliingia upande wa kulia mara tatu. Ya tatu lazima niieleze.

Jioni moja nilirudi nyumbani nikakuta sufuria ya maharage imeungua. Harufu ilinipokea getini. Binti alikuwa ameyabandika, umeme ukakatika, akatoka nje kuuliza majirani kama nao wamekatikiwa, maongezi yakanoga, jiko la mkaa likafanya kazi yake. Nilimfokea mpaka watoto wakajifungia chumbani. Nilimwambia bei ya maharage, bei ya mkaa, bei ya sufuria. Kwa mhasibu hakuna kitu kisicho na bei.

Sikumwambia kwamba siku kumi na moja kabla ya hapo tulikuwa tumemzika dada yangu.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 20, Waisraeli wanafika Kadeshi. Mstari wa kwanza unasema Miriamu alifariki huko, akazikwa huko. Dada yake Musa. Ni mstari mmoja tu, na mara moja habari inageuka: hakuna maji, watu wanamjia juu Musa. Hakuna matanga, hakuna siku arobaini, hakuna hata jioni moja ya mtu kukaa na kulia. Mungu anamwambia auambie mwamba utoe maji. Musa anawaita watu waasi, anauinua mkono, anaupiga mwamba kwa fimbo mara mbili. Maji yanatoka mengi, watu na mifugo wanakunywa, na Musa anaambiwa kwamba yeye hataiingiza jamii ile katika nchi ya ahadi.

Utotoni nilimwonea Musa huruma, nikaona adhabu imezidi. Bado naona imezidi, na sitajifanya ninao ufafanuzi. Lakini baada ya yale maharage niliisoma upya ile sura, na kwa mara ya kwanza nikauona ule mstari wa kwanza. Mtu huyu hakuwa amekasirikia maji. Watu hao walikuwa wakimlilia maji kwa karibu miaka arobaini, na alikuwa ameyavumilia makubwa zaidi ya hayo. Siku hii dada yake amelala mchangani, na mwamba ndio uliokuwa karibu.

Mwamba haukuwa na kosa. Binti wa jikoni alikuwa na kosa la thamani ya kilo moja ya maharage, na nilimdai deni la kaburi.

Usiku nilikwenda jikoni alipokuwa akisugua ile sufuria kwa mchanga. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Sikukufokea kwa ajili ya maharage." Akainuka kwa haraka, kama mtu aliyefumaniwa amekaa, akatabasamu, akasema, "Hamna shida, mama."

Nililijua lile tabasamu. Ni langu, lile linaloujua mlango wa bosi. Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha na nikapewa adabu. Ilinichukua miezi, na mambo mengine mengi madogo, likiwemo la kumwongezea mshahara, kabla hajawahi kuniambia siku moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo mama umenionea." Siku hiyo nilifurahi kuliko siku yoyote niliyosifiwa uvumilivu.

*

Watu husema mtu aliyekasirika ni afadhali aitoe hasira yake, apige hata ukuta, moyo upoe. Mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, aliwapima watu 600 kuhusu jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Wote walikasirishwa kwa makusudi. Wengine wakapewa mfuko wa ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine wakakaa kimya tu. Waliopiga mfuko walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa. Kwa hiyo ukuta haufai, na konda hafai pia.

Kumeza nako hakufai. Nilichomeza kwenye benchi ya bosi asubuhi nilikitapika Banana jioni. Basi hasira iende wapi?

Zaburi zinajibu swali hilo kwa namna ambayo mimi nililelewa nisiione. Tulifundishwa kuziimba kwa unyenyekevu, na nyingi zimejaa malalamiko. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu mara nne mfululizo ni mpaka lini. Ya 88 inalalamika tangu mwanzo hadi mwisho na inaishia gizani, bila ile aya ya shukrani tunayoitegemea. Waandishi hawa hawakuwa wavumilivu wa tabasamu. Lakini angalia wanamlalamikia nani. Malalamiko yao yanapanda. Yetu yanateremka kama maji ya mvua, kutoka kwa bosi hadi kwangu, kutoka kwangu hadi kwa binti wa jikoni, na binti wa jikoni anampiga paka teke. Aliye juu kabisa, ambaye ndiye pekee asiyeweza kuumizwa na ukali wetu, hatumwambii kitu. Kwake tunakwenda na maneno yaliyonyooshwa pasi.

Marta alilijua hilo. Tumemsema vibaya Marta kwa karne nyingi, mwanamke wa masufuria aliyeshindwa kutulia. Lakini siku alipozidiwa jikoni hakumvuta mdogo wake pembeni amfinye. Alikwenda kwa Yesu, mgeni wa heshima mwenyewe, mbele ya watu, akamwambia kwamba hajali. Alijibiwa asichotaka kusikia, ni kweli. Ila alilalamika kwa mtu sahihi.

Siku hizi kwenye daladala mimi hulalamika. Kimya kimya, lakini kwa ukali na kwa undani: Bwana, nimechoka, mguu unauma, huyu mtu anapiga simu kama anaita ng'ombe, kwa nini umeniweka mji huu. Sala hizo sizipambi. Nilikuwa nadhani sala ni za mambo makubwa, za saratani na mitihani ya kidato cha nne, na kwamba kero za barabarani ni za kumalizana nazo mwenyewe. Ndiyo maana makubwa niliyavumilia kwa heshima na madogo yakaniaibisha.

Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, ambaye Wakatoliki wengi wa kwetu wana picha yake na mawaridi mkononi, hakuwahi kuteswa na wafalme wala kutupwa kwa simba. Aliingia Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, na mwaka 1897 kifua kikuu kikamuua akiwa na 24. Katika maisha hayo mafupi moja ya vita alivyovisimulia ni dhidi ya mlio. Mtawa aliyekaa nyuma yake wakati wa tafakari ya jioni alikuwa na tabia ya kutoa kijimlio cha ajabu, kama kombe mbili zinazosuguana. Theresia alitamani kugeuka amkate jicho. Alijizuia mpaka jasho likamtoka. Alijaribu kutosikia, akashindwa. Mwishowe akaamua kuusikiliza ule mlio kwa makini, kana kwamba ni muziki, akamtolea Yesu hilo tamasha. Sala yake yote ya saa ile ikawa ni hiyo. Mwaka 1997 Kanisa lilimtangaza mwalimu wake, pamoja na Augustino na Thomasi wa Akwino. Huwa najiambia walimpa cheti hicho kwa ajili ya lile jasho.

*

Nimekuwa nikisema tuwape subira walio chini. Sasa kuna neno la tahadhari, na nitalisema bila kulipamba. Wapo wanawake wanaopigwa na waume zao na kuambiwa na wakubwa wa kanisa wavumilie, wabebe msalaba. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo na, Mungu anisamehe, zamani nilinyamaza. Huko nako ni kugawa subira kwa upendeleo: mpigaji anasubiriwa abadilike, mpigwaji anaambiwa asubiri. Mwanamke huyo anahitaji mahali pa kulala usiku huo na mtu wa kumsindikiza polisi.

Hata katika mambo madogo, subira haina mkataba na ujinga. Nilifuatilia hati fulani katika ofisi moja kwa miezi minne. "Mtandao uko chini, njoo kesho." "Mhusika hayupo, njoo kesho." Safari za kwanza nilikuwa na chaguo mbili tu kichwani, kufoka au kutoa kitu kidogo. Ndipo nikamkumbuka mjane wa Luka sura ya 18, aliyemwendea hakimu asiyemcha Mungu mpaka hakimu akachoka. Hatuambiwi alimtukana. Hatuambiwi alimhonga. Alirudi tu. Basi nikaanza kwenda na lile daftari langu, nikaandika tarehe, saa, na jina la aliyenijibu, mbele yake, kwa mwandiko mzuri. Binti wa dirishani nilimsalimia kila mara na kumuuliza hali ya mtoto wake, maana yeye hakuwa ndiye anayekaa na hati. Maneno makali niliyahifadhi kwa mkuu wake, na siku nilipofika kwake niliyasema yote, nimekaa, sauti ya kawaida. Hati ilitoka wiki iliyofuata. Ingeweza isitoke. Niliyemuudhi mara hii alikuwa na kiti kinachozunguka.

*

Jirani yangu aliendesha daladala miaka kumi na minne. Nilimuuliza kuhusu Banana. Akacheka, akanieleza hesabu ambayo, pamoja na taaluma yangu, nilikuwa sijawahi kuipiga. Gari si la dereva. Ni la tajiri, na tajiri anataka hesabu yake kila jioni, foleni iwepo isiwepo. Mafuta ni juu yao. Kinachobaki ndicho dereva na konda wanachogawana, na siku nyingine hakibaki kitu. Foleni ikila tripu mbili za jioni, hesabu haifiki, na kesho gari anapewa mwingine. Konda mara nyingi ni deiwaka tu, amepewa siku moja kumpumzisha mwenzake. "Yule uliyemtukana," akasema, "huenda alikuwa anakuzungusha chenji. Na huenda alikuwa hana, kweli."

Haihalalishi kukatisha ruti. Lakini nilitambua kwamba yule kijana naye alikuwa na benchi nje ya mlango wa mtu.

Nilimwona tena, miezi mitatu baadaye, Tazara, saa kumi na mbili jioni. Nilimtambua kwa kovu la nyusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. Nilikuwa na sentensi zangu. Nikamlipa nauli kamili, nikamwambia, "Kijana, mimi ndiye mama niliyekutukana Banana wakati wa Kwaresima. Nakuomba radhi. Na mama yako pia."

Alinitazama, akajaribu kwa dhati kukumbuka, niliona. Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana kuingia.

"Mama," akasema, "kwa siku wananitukana wengi. Sasa nitamkumbuka nani?" Akapiga bati mara mbili kwa kiganja, gari likaanza kuondoka. "Sogea nyuma, mama, nyuma kuna nafasi."

Nyuma hakukuwa na nafasi. Nilisogea.